Kupambana na itikadi kali: wafadhili, watafiti na swali ambalo vikao hulikwepa

Ujumbe wa Umoja wa Ulaya kutoka Brussels ukitua Mombasa na kuonana na gavana, taarifa ya habari ya jioni itasema wamejadili "ushirikiano katika kukabiliana na itikadi kali". Kwenye maskani sentensi hiyo moja itasikika kwa namna tatu. Mmoja atasema hawa wamekuja kuupiga vita Uislamu. Wa pili atasema hizo ni pesa za wafadhili na zitaliwa hotelini. Wa tatu, hasa kama ana ndugu jeshini, ataelewa kwamba silaha zinakuja. Hakuna aliyekosea kabisa, kila mmoja ameshika kipande. Tatizo ni kwamba hata wanaoendesha miradi hiyo mara nyingi nao wameshika kipande tu.

Tuanze na maana. Itikadi kali ni kushikilia jambo kiasi cha kutokubali kwamba mwenzako ana haki ya kuamini vingine. Hilo huchosha majirani, lakini kwa lenyewe si jinai. Linageuka kuwa itikadi kali ya kikatili pale mtu anapokubali kwamba kuua au kujeruhi raia ni njia halali ya kufikia anachokiamini. Ugaidi ni kitendo chenyewe: bomu, risasi, utekaji, au maandalizi yake. Halafu kuna kusajiliwa, yaani kuingia kundini, na hapo ndipo wengi tunapochanganya, kwa sababu wapo wanaosajiliwa bila itikadi yoyote. Wapo vijana walioahidiwa mshahara, na wapo wasichana wa Pwani walioambiwa wanapelekwa kufanya kazi au kuolewa, wakajikuta msituni ng'ambo ya mpaka. Kumwita kila mmoja wao "mwenye itikadi kali" ni sawa na kutowaelewa wote.

Ufafanuzi huo ni wa kuelewana hapa tu, maana duniani hakuna ule mmoja uliokubaliwa. Ban Ki-moon, alipokuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alipowasilisha mpango wake wa kuzuia itikadi kali za kikatili mwanzoni mwa 2016, aliacha kila nchi ijiamulie maana. Pengine hakuwa na njia nyingine, kwa sababu nchi wanachama wasingeafikiana. Lakini pengo hilo lina gharama, na gharama hiyo tumeiona huku kwetu.

Zanzibar, masheikh wa jumuiya ya Uamsho walikamatwa, wakashtakiwa kwa ugaidi Tanzania Bara, wakakaa mahabusu miaka mingi hadi Mkurugenzi wa Mashtaka alipoziondoa kesi hizo Juni 2021. Kenya, siku chache baada ya mauaji ya Chuo Kikuu cha Garissa ya Aprili 2, 2015, serikali ilitoa orodha ya watu na taasisi ilizodai zina uhusiano na Al-Shabaab, kundi la kigaidi la Somalia. Ndani yake yalikuwemo mashirika ya haki za binadamu ya HAKI Africa na MUHURI ya Mombasa, na akaunti zao zikafungwa. Mwaka huohuo Mahakama Kuu iliamuru zifunguliwe. Haya ndiyo mashirika ambayo familia za Pwani hukimbilia mtoto anapopotea, iwe amechukuliwa na wasajili au na watu wenye gari lisilo na namba.

Sasa ushirikiano wa kimataifa wenyewe. Ni mambo manne, na yanafanana kidogo sana.

La kwanza ni la bunduki na siri: majeshi na taarifa za kijasusi. Wanajeshi wa Kenya walioingia Somalia Oktoba 2011, vikosi vya Umoja wa Afrika vilivyokuwa huko tangu 2007, Wanyarwanda na nchi za SADC, jumuiya ya kusini mwa Afrika, waliopelekwa Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, Julai 2021. Huku raia haalikwi, wala hakuna ripoti atakayosomewa.

La pili ni sheria, nalo ndilo linalotugusa bila sisi kujua. Baada ya Septemba 11, 2001, Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 1373 likizitaka nchi zote zifanye ugaidi kuwa kosa kubwa katika sheria zao, zizuie pesa zake na zitoe taarifa. Azimio hilo nalo halikusema ugaidi ni nini. Tanzania na Uganda zilipata sheria zao 2002. Kenya ilichelewa: muswada wa 2003 uliangushwa na upinzani wa Waislamu na wanaharakati, na sheria ikapita 2012. Kwa hiyo ukisikia mtu amenyimwa dhamana katika mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, au ya Kahawa, Nairobi, kwa kosa la ugaidi, mzizi wa kesi hiyo unafika hadi New York.

La tatu ni la kuzuia, yaani kufika kwa kijana kabla ya msajili. Huku ndiko kwenye miradi, mabango na posho. Mwaka 2014 ulianzishwa mfuko huko Geneva, GCERF, unaotoa ruzuku kwa vikundi vya kijamii, na Kenya ni mojawapo ya nchi zinazofaidika. Abu Dhabi kuna kituo cha Hedayah tangu 2012, na IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake, ina kituo chake Djibouti. Marekani ilifadhili mradi wa NIWETU nchini Kenya, kifupi cha Niwajibu Wetu, na Umoja wa Ulaya ukagharimia STRIVE, ulioendeshwa na taasisi ya RUSI ya London. Kenya ilizindua mkakati wa taifa 2016, kisha kaunti zikaanza kuandika mipango yake, Kwale, Mombasa na Lamu zikiwa za mbele.

La nne ni utafiti. Wanaolizungumzia ni wachache kuliko wote, na kwangu lina uzito kuliko mengine.

Kuuliza kwa nini mtu alijiunga na kundi la kigaidi si kazi rahisi. Walio porini huwezi kuwafikia, na waliokufa hawajibu. Unabaki na wafungwa, waliotoroka, na ndugu zao. Mfungwa ana sababu ya kujitetea. Aliyetoroka anaishi katika kituo kinachoendeshwa na serikali anayoulizwa habari zake. Ndugu anajua nusu. Kwa miaka mingi wataalamu walikwepa tabu hiyo wakaandika kwa kusoma magazeti na kunukuu wenzao, na nadharia zikajaa kuliko ushahidi.

Hali ilianza kubadilika katika muongo uliopita. Mwaka 2014, taasisi ya utafiti wa usalama ya ISS ya Pretoria ilichapisha utafiti wa Kenya uliowahoji watu 95 waliohusishwa na Al-Shabaab pamoja na baadhi ya jamaa zao. Asilimia 65 walitaja namna serikali ilivyokuwa ikipambana na ugaidi kuwa ndiyo iliyowasukuma zaidi. Mwaka 2017 UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, ikaja na kazi kubwa zaidi. Ilihoji watu 718 katika nchi za Kenya, Somalia, Sudan, Nigeria, Niger na Cameroon, wakiwemo 495 waliojiunga kwa hiari yao. Waliulizwa ni jambo gani la mwisho lililowafanya waamue, na asilimia 71 wakataja kitendo cha serikali: kuuawa kwa ndugu au rafiki, au kukamatwa kwake.

Tuelewane vizuri hapo, kwa sababu takwimu hii imepotoshwa kila upande. Haisemi kwamba serikali huzaa magaidi. Mamilioni ya Waafrika wamedhulumiwa na askari wala hawajashika bunduki. Inachosema ni kwamba kwa mtu ambaye tayari ana kinyongo, hana kazi, anajiona si raia kamili, na amezungukwa na watu wenye maneno matamu, usiku ule kaka yake alipochukuliwa ndio uliomaliza ubishi. Na ndiyo, huenda baadhi ya waliohojiwa walisingizia serikali ili kujipunguzia lawama. Lakini UNDP iliporudia mwaka 2023, safari hii katika nchi nane na kwa watu karibu 2,200, picha haikufutika. Karibu nusu ya waliojiunga kwa hiari walitaja tukio mahususi lililowageuza, na kati ya hao, asilimia 71 tena walitaja uvunjaji wa haki za binadamu, mara nyingi mikononi mwa vyombo vya usalama. Jibu likirudi hivyo nchi baada ya nchi, miaka sita baadaye, ni vigumu kusema wote wanajitetea tu.

Tafiti hizohizo zimevuruga mengi tuliyozoea kusema barazani. Dini, kwa mfano. Asilimia 57 ya waliohojiwa 2017 walikiri kwamba hawaelewi maandiko ya dini yao, au wanayaelewa kidogo sana. Na waliosoma dini kwa angalau miaka sita walionekana kuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kujiunga. Kwa hiyo anayetaka madrasa zifungwe ili kuzuia ugaidi anaomba kinyume cha anachokitaka. Kufikia 2023, dini ilitajwa kama sababu kuu na asilimia 17 tu, wakati asilimia 25 walitaja kutafuta kazi.

Ukisikia hiyo asilimia 25 usikimbilie kusema "basi ni umaskini". Mmoja wa walioshambulia Garissa alikuwa amesomea sheria Chuo Kikuu cha Nairobi, na baba yake alikuwa chifu. Aliyeongoza shambulio la hoteli ya DusitD2 Nairobi, Januari 2019, alikuwa mtoto wa mwanajeshi wa Kenya, wala hakuwa Msomali, jambo lililowaacha midomo wazi wengi waliodhani wanamjua gaidi kwa sura yake. Umaskini humrahisishia msajili bei. Hautoshi kueleza nani ataitika.

Na si suala la Waislamu peke yao. Norway, Julai 22, 2011, aliyeua watu 77 alikuwa mzungu mwenye chuki na wahamiaji na Waislamu. Karibu na nyumbani kuna Shakahola, kaunti ya Kilifi, ambako tangu 2023 imefukuliwa miili zaidi ya 400 ya wafuasi walioambiwa wafunge hadi kufa ili wamwone Yesu. Mhubiri Paul Mackenzie ameshtakiwa, pamoja na mengine, kwa makosa ya ugaidi, naye ameyakana. Wakati wote huo warsha za itikadi kali kule Pwani zilikuwa zikiwaita maimamu.

Ikiwa tunajua yote haya, kwa nini tusitengeneze orodha ya dalili, tuwapime vijana, tuwakamate walio hatarini mapema? Ni swali la haki kabisa, na jibu lake ni la hesabu, siasa haimo. Chukua kata yenye vijana 10,000, tuseme kumi kati yao kweli wako karibu kujiunga. Umepata kipimo bora kuliko chochote kilichopo leo: kinapatia mara tisa kati ya kumi. Kati ya wale kumi kitawakamata tisa, vizuri. Lakini kati ya vijana 9,990 wasio na neno, kitamkosea mmoja katika kila kumi, yaani 999. Sasa mkononi una majina 1,008, na wa kweli humo ni tisa. Wengine wote umewaandika bure, na kila mmoja ana mama, ana kaka, ana marafiki wa kuwasimulia.

Na hicho ni kipimo cha kufikirika. Kilichotumika Aprili 2014 katika Usalama Watch, msako mkubwa wa polisi wa Kenya, kilikuwa kitambulisho na sura. Walikamatwa karibu watu 4,000, wengi wao Wasomali wa mtaa wa Eastleigh, Nairobi, na mamia wakazuiliwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani. Wavuvi wa Pwani wanalijua juya: ukilivuta linazoa kila kitu mpaka vifaranga na mayai, siku hiyo ndoo inajaa, halafu unashangaa msimu ujao. Miezi miwili baada ya operesheni kuanza, zaidi ya watu 60 waliuawa na washambuliaji Mpeketoni, kaunti ya Lamu. Sisemi kimoja kilizaa kingine. Ninachosema ni kwamba mamia wale wa Kasarani hawakuizuia Mpeketoni.

Tufike sasa kwenye fundo lenyewe. Ushirikiano wa kimataifa ni ushirikiano wa serikali na serikali. Mkataba unasainiwa na waziri, kibali cha mradi kinatoka ofisi ya serikali, balozi anahitaji kuendelea kuonana na rais. Utafiti ambao ushirikiano huohuo umeugharimia unasema msukumo wa mwisho mara nyingi ni mkono wa dola. Nani atalisema hilo mezani? Mfadhili ana mkataba wa kijeshi wa kulinda, shirika la kijamii lina kibali cha kulinda, na waziri ana kazi ya kulinda. Basi kinachofanyika ni kutafuta kazi isiyomkera yeyote, na kazi hiyo imepatikana: vijana.

Ndiyo maana ukumbi ule wa hoteli unafanana mwaka hadi mwaka. Bango nyuma ya meza kuu lenye nembo sita. Fomu ya mahudhurio yenye safu ya jina, namba ya kipande (kitambulisho), namba ya simu na sahihi, ambayo kijana kutoka Likoni anaitazama mara mbili kabla ya kuijaza, maana hajui itaishia ofisi gani. Wimbo wa amani, chai na maandazi, makundi manne yanayoandika "visababishi" kwenye karatasi kubwa. Ukienda kwenye kundi la vijana utakuta "polisi" imeandikwa namba moja. Matokeo yakisomwa mbele ya kamanda wa polisi wa kaunti, inasomwa "changamoto za mahusiano". Mchana wanasaini posho, wanapanda matatu.

Nisiwe mkali kupita kiasi. Baadhi ya miradi imeleta maofisa na vijana meza moja kwa muda mrefu, si kwa siku moja, na STRIVE ilijaribu kuwapa vijana washauri wa karibu, mmoja kwa mmoja. Ugumu ni kuonyesha kwamba imefaa, kwa sababu unapima kitu ambacho hakikutokea. Kijana ambaye hakwenda Somalia, je, ni mradi, au ni mama yake, au hakuwa na nia tangu awali? Watathmini wengi hukimbilia kuhesabu kinachohesabika, yaani waliohudhuria.

Kinga yenyewe hujitokeza mahali ambapo hakuna fomu. Novemba 2014 wauaji wa Al-Shabaab walisimamisha basi karibu na Mandera, kaskazini mashariki mwa Kenya, wakawatenga wasio Waislamu, wakaua 28. Desemba 2015 walijaribu tena, kwa basi lililotoka Nairobi kwenda Mandera, karibu na El Wak. Wanawake wa Kiislamu waliwavika hijabu abiria Wakristo, na abiria wakakataa kutengana: waueni wote au muwaache wote. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi kwa kukataa, akafariki mwezi uliofuata. Hakuna kiashiria cha mradi kilichotabiri watu wale wangefanya hivyo, wakiwa na sekunde chache za kuamua.

Upande wa wanaorudi, ushirikiano umepwaya zaidi. Mogadishu kuna kituo cha Serendi kwa waliolikimbia kundi la Al-Shabaab na kuonekana si hatari, kilichofadhiliwa na nchi za Ulaya. Kenya ilitangaza msamaha Aprili 2015 kwa watakaojisalimisha, ila ulitangazwa bila sheria ya kuubeba. Aliyerudi Kwale alikuwa na pande mbili za kuogopa, wenzake wa zamani waliomwona msaliti na maofisa waliomwona bado ni adui, na wapo waliouawa baada ya kurudi. Habari hizo zikifika msituni, anayefikiria kutoroka anapata sababu ya kubaki.

Halafu pesa zikakata. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai mwaka huo USAID, shirika lake la misaada, ilikuwa imefungwa. Mashirika madogo ya Pwani na Kaskazini Mashariki yaliyokuwa yakiishi kwa ruzuku za aina hiyo yalipata barua za kusimamisha kazi. Walioamini yote yalikuwa ulaji walifurahi. Mimi sikufurahi, kwa sababu bajeti ya kwanza kukatwa ilikuwa ya kuzungumza, wakati ile ya droni haikuguswa kwa namna hiyo.

Lakini pengo hilo limefichua kitu. Kama tafiti zile ni za kuaminika, kazi nyingi ya kuzuia itikadi kali haikuwahi kubeba jina hilo. Mwanzoni mwa 2025 Rais Ruto alipofuta uchunguzi wa ziada kwa vijana wa kaunti za mpakani wanaoomba vitambulisho, hakuna aliyeuita mradi wa itikadi kali, ingawa msajili alikuwa akiutumia uchunguzi ule kama hoja: hawa hata kipande hawakupi. Na mwaka 2014, baada ya msako wa Eastleigh, taasisi iliyokwenda vituoni kukagua na kuandika kwamba operesheni ilikiuka sheria ni IPOA, mamlaka ya Kenya ya kuwasimamia polisi. Mfadhili anayetaka kujua pa kuanzia baada ya USAID aanze kwa kuuliza wachunguzi wa IPOA walioko Mombasa ni wangapi, wana magari mangapi, na faili la mtu aliyepotea huchukua muda gani kufika mahakamani.